Dereva Asiyekuwa na Uso

Asubuhi ile alikuta maji chini ya gari la zimamoto.

Hayakuwa mengi. Yangetosha kulowesha ncha ya kidole tu. Lakini gari lenyewe lilikuwa la kadibodi na plastiki, refu kidogo kuliko mkono ulionyooshwa kutoka kiganja hadi kiwiko, na tangi lake alikuwa amelifunga mwenyewe kwa gundi likiwa tupu. Mzee Klachi alilinyanyua, akaligeuza, akalitazama kwa chini. Kavu. Akatazama dari. Kavu pia. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa.

"Mwanafunzi!" aliita kuelekea jikoni. "Umemwagilia nini humu?"

"Nimwagilie magari?" mkewe alijibu. "Yataota?"

Mzee alicheka, akafuta meza kwa kitambaa, akaendelea na kazi.

Jina la Klachi alipewa na wanafunzi wake. Alifundisha udereva mpaka akastaafu, na neno alilolipigia kelele kuliko yote lilikuwa hilo. Hata sasa watu wazima wenye vyeo vyao walipokutana naye dukani, mguu wa kushoto ulikanyaga hewa kabla hawajamsalimia. Mkewe naye alianza kama mwanafunzi. Alifeli mtihani wa barabarani mara tatu, na hakuacha kudai kwamba mwalimu ndiye aliyemfelisha makusudi ili asimpoteze. Basi wakabaki wakiitana hivyo, Mwalimu na Mwanafunzi, hata baada ya binti yao kukua, kuwa mkunga na kuhamia mtaa wa pili.

Kustaafu kulimletea mikono isiyo na kazi, na mikono hiyo ikaanza kutengeneza magari. Hakutengeneza magari ya dukani wala ya kwenye picha. Alitengeneza yale yaliyopita maishani mwake, kila futi ya gari halisi akiifanya nusu inchi. Taa za nyuma alizikata kwenye mishikio ya miswaki myekundu. Matairi yalitoka kwenye mipira ya ndani ya baiskeli. Na hakuyapamba. Gari la kufundishia lilikuwa na breki mbili na bampa iliyopinda. Gari lililowabeba siku ya harusi lilikuwa na mlango wa nyuma uliofungwa kwa waya, kama ulivyofungwa siku ile, bibi harusi akapitia mlango wa dereva. Pikapu iliyohamisha vyombo vyao ilikuwa na ufa kwenye kioo, mahali palepale.

Kila gari lilikuwa na dereva wake. Hilo lilikuwa sharti lake. Alimfinyanga kwa puti, ule udongo laini wa mafundi wa vioo, akamkalisha, kisha akamchora uso kwa ncha ya sindano chini ya lenzi, mpaka mtu akimtazama aseme, "Huyu si yule jirani yetu wa zamani?" Gari lisilo na dereva halikumpendeza. Alisema linaonekana kama limetelekezwa.

Gari la zimamoto lilikuwa la kwanza kutengenezwa kwa ombi la mtu. Mkuu wa kikosi cha zimamoto cha mji, ambaye naye aliwahi kukanyaga klachi mbele ya mzee, alikuja nyumbani akiwa na sare yake.

"Mwalimu, tunafungua ukumbi mpya. Tunataka vitu vya kumbukumbu. Si baba yako alikuwa dereva wa zimamoto?"

Kabla mzee hajafungua mdomo, mkewe alishadakia. "Alikuwa! Tangu siku alipokuja kujitambulisha kwetu alituambia. Atawatengenezea. Marehemu hakupewa hata cheti, angalau akae ukumbini."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu hakujua namna ya kukikataza.

Gari alilijenga vizuri. Ngazi ilipanda na kushuka. Rangi nyekundu ilikaa sawasawa. Lakini alipofika kwenye uso wa dereva, mkono ulikataa. Alishika sindano, akaiweka chini, akaishika tena. Mwishowe alimvika dereva kofia ya zimamoto, akamwacha uso ukiwa laini kama ganda la yai.

Binti yake alipita jioni ile kuwasalimu. Aliinama akachungulia ndani ya kioo.

"Baba, huyu ni babu?"

"Hapana," mzee alisema upesi. "Simjui huyo. Dereva tu."

Taa ya mezani ilififia kidogo, ikarudi. Wote wawili waliitazama. Kesho yake ndipo alipokuta maji.

Baada ya maji ikaja harufu.

Ilikuwa harufu ya sabuni ya kipande na ndimu. Ilitoka chumba cha magari, ikatambaa sebuleni, ikakaa. Mkewe aliivuta kwa pua, akatabasamu. "Leo umeoga mapema, Mwalimu." Lakini mzee alikuwa ameketi ghafla, kwa sababu chini ya sabuni na ndimu alisikia harufu nyingine, ile ambayo sabuni na ndimu vilikuwa vikijaribu kuificha, na hiyo hakuisikia tangu utotoni.

Baba yake aliendesha gari kubwa lenye tangi mgongoni na mpira mnene uliozungushwa ubavuni. Mpaka hapo wakwe waliambiwa kweli. Lakini gari halikuwa jekundu wala halikuzima moto wowote. Lilikuwa gari la kunyonya vyoo. Kila jioni baba alisimama uani kando ya beseni, akajisugua kwa sabuni ya kipande na ndimu mpaka ngozi ikawaka, kisha akaingia kwa mlango wa nyuma akiwa mtu safi kuliko wote mtaani. Watoto wa mtaa walimwita Manukato. "Manukato huyo! Zibeni pua!" Na mwanawe aliziba pua pamoja nao, ili asionekane tofauti.

Siku moja ya mvua baba alisimamisha gari mbele ya shule, akashuka na koti la mvua mkononi, akamwita kwa jina. Watoto waligeuka. "Kumbe unamjua yule?" mmoja aliuliza. Naye akasema, kwa sauti iliyofika langoni, "Simjui." Baba alisimama kidogo. Akalitundika lile koti kwenye lango la shule, akapanda garini, akaondoka. Nyumbani hakulizungumza, si siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa, na mzee aliona ni afadhali angechapwa.

Kwa hiyo harufu ile aliijua. Alifungua madirisha yote. Haikutoka.

Siku mbili tatu zilipita, kisha akaona pua.

Alikuwa amechukua lenzi ili akague rangi, na ndani ya kioo cha mbele, chini ya kofia, uso wa dereva haukuwa laini tena. Palikuwa na pua ndogo, iliyopinda kushoto. Mzee aligusa pua yake mwenyewe, ambayo ilipindishwa na usukani siku mwanafunzi fulani alipokanyaga breki kwa nguvu zake zote. Sindano yake ilikuwa kwenye kopo, na ilikuwa na vumbi.

Jioni ile alitoka kwenda kununua gundi. Aliporudi, mkewe alifungua mlango, akasimama katikati ya uwazi bila kumpisha.

"Habari ya jioni," alisema kwa adabu. "Unamtafuta nani?"

"Acha mzaha wako, Mwanafunzi."

Macho ya mkewe yaliganda, kisha yakalegea, kama ya mtu aliyeamshwa. "Ee! Mwalimu. Macho yangu haya. Ingia, chai inapoa."

Walicheka. Lakini mzee hakuimaliza chai yake.

Kila asubuhi alikwenda na lenzi, na kila asubuhi uso ulikuwa umeongezeka: nyusi, kisha sikio moja, kisha doa jeusi chini ya jicho, doa ambalo mama yake mzazi alizoea kulibusu. Na kila kilichoongezeka kule, kilipungua nyumbani. Mkewe alimsahau kwa muda wa kumwaga maji kwenye sinki, kisha kwa muda wa kukunja shuka, kisha kwa mlo mzima, akimhudumia kama fundi wa bomba aliyechelewa kuondoka. Wakati wa magharibi ilikuwa mbaya zaidi. Hapo ndipo ilipotoka ile sauti ndani ya chumba, sauti nzito ya breki ya mkono ikivutwa, krrrr, sauti ya gari kubwa linaloegeshwa, ikitoka kwenye kadibodi.

Alijaribu kumng'oa dereva. Gundi iligoma. Basi akachukua kisu cha kukatia kadibodi, akakiingiza kwenye dirisha la gari, akaiweka ncha juu ya ile pua ndogo, akabana meno, akakata.

"Maskini! Mwalimu, umejikata na nini?" mkewe alilia kutoka sebuleni.

Mzee alijishika pua. Haikuwa na kitu. Akaenda mbio kwenye ujia mwembamba wa nyumba, huku kisu kikiwa bado mkononi, akafika mlangoni mwa sebule akasimama, kwa sababu mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha mzee, kiti kitupu, naye ameshika leso nyeupe na kuiegemeza hewani, palepale ambapo pangekuwa na uso wa mtu aliyeketi, akiifuta hiyo hewa polepole na kuipuliza kwa huruma na kunong'ona "pole, pole mume wangu," na kwenye leso ile, mbele ya macho ya mzee, kulikuwa kunatokea doa jekundu linalokua, na mto wa kiti ulikuwa umebonyea, na harufu ya sabuni na ndimu ilikuwa nzito mpaka macho yakamtoka machozi.

Mkewe aligeuka, akamwona mtu mwenye kisu. Akapiga ukelele.

Binti ndiye aliyekuja, kwa kuwa mama yake alimpigia simu: kuna mwanamume nisiyemjua, ameingia na kisu, baba yako anatoka damu. Binti alimkuta baba yake ameketi nje kwenye ngazi, mikono mitupu, kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

"Baba, mmegombana?"

"Unanijua?" mzee aliuliza.

"Nisikujue vipi?"

Basi akamweleza. Maji, harufu, pua, leso. Kilichokuwa chini ya hayo yote hakukisema. Binti alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kuna mama anayefua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Mama Pasi. Wauguzi humwita wodi ikiwa na mambo yasiyo ya kidaktari. Nitamleta." Akasimama, akavuta mkoba wake begani, akageuka kumuaga. "Basi, kaa hapa usiingie, b..." Akasita. Akamtazama juu mpaka chini. "Samahani, shikamoo. Sijui nikuite nani."

"Nenda, mama," mzee alisema. "Mlete huyo Mama Pasi. Mwambie ni nyumba ya wazazi wako."

Mama Pasi alikuja mchana uliofuata, mwanamke mnene mwenye vidole vyenye makovu ya moto. Hakuwa na tunguri wala shanga. Alikuwa na foronya moja nyeupe iliyopigwa pasi. Aliingia chumba cha magari pamoja na mzee, akafunga mlango, akanusa.

"Mh. Msafi huyu," alisema. "Wengi wao huwa na harufu ya majivu. Ni yupi?"

Mzee alionyesha. Mama Pasi aliinama usawa wa meza, akagonga bodi ya gari kwa kucha, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu.

"Wewe uliyekaa. Nani amekukalisha hapo?"

 Kisha sauti, ndogo na ya bati, kama ya mtu anayeongea ndani ya tangi. Ilikuwa sauti ya Mzee Klachi.

"Mwenye nyumba."

"Alikuita?"

"Alitengeneza kiti. Akaulizwa kiti cha nani. Akasema hamjui. Mimi napita kila siku, sina kiti, sina mtu. Nikaona hiki hakina mwenyewe."

"Na huyo mke? Na huyo binti?"

"Wamekuja pamoja na kiti. Ninawatunza. Muulize kama ninawatunza vibaya."

Mama Pasi alinyooka taratibu, mikono kiunoni. Hakumtazama mzee kwa ukali. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejikojolea mbele ya wenzake, na hilo lilimchoma zaidi.

"Kiti kilikuwa cha nani, baba?"

Mzee aliangalia sakafu. Alitaka kusema zimamoto. Hata hapo, mbele ya kitu kile, ulimi ulitaka kusema zimamoto.

"Cha baba yangu," alisema. "Lakini gari silo."

Akamweleza. Alipomaliza, masikio yalikuwa yanamwaka.

"Simfukuzi mtu aliyekaribishwa," Mama Pasi alisema. "Nikimfukuza atarudi na haki yake mkononi. Wewe mrudishie baba yako kiti. Tengeneza gari lenyewe, na yeye ndani. Kisha useme ni nani. Uongo wako uliusema wapi?"

"Ukweni. Kazini. Kwa majirani. Kila mahali."

"Basi una safari. Anza pale walipo wengi kwa pamoja, na mkeo awepo. Na usichelewe. Huyo amebakiza mdomo tu na jicho moja."

Akalifunika gari jekundu kwa foronya, akalibeba.

Mzee alihamia chumba cha magari kama fundi aliyeletwa na Mama Pasi, akajifungia. Kule sebuleni alimsikia mkewe akiongea na kunyamaza, akiongea na kunyamaza, kama mtu anayejibiwa. Yeye alikata kadibodi. Alizungusha bati la kopo likawa tangi. Alipaka rangi ile ya kahawia iliyochubuka, akaweka mpira mnene ubavuni, koki kubwa nyuma, na ndoo iliyoning'inia kwenye ndoano, ambayo alikuwa ameisahau mpaka mikono ilipoifikia. Alishangaa alivyolijua gari lile. Kwa mtu aliyeziba pua, macho alikuwa ameyaacha wazi kabisa.

Kisha akashika sindano. Aliogopa mkono utakataa tena. Haukukataa. Paji la uso lilikuja, na mikunjo miwili kando ya mdomo, na yale macho yaliyozoea kutazama pembeni mbele za watu. Baba yake alikuja chini ya lenzi bila kusumbua, kama alivyoishi, na mzee alilia juu yake mpaka akalazimika kumkausha kwa pamba.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, kitambaa cheupe mezani, maofisa wenye vifungo vinavyong'aa. Mkewe aliketi mstari wa mbele amevaa gauni lake la heshima, na kiti cha kushoto kwake kilikuwa kitupu. Waliotaka kukikalia waliambiwa, "Pana mtu." Binti aliketi upande wa pili wa hicho kiti. Mama Pasi alikaa nyuma kabisa, foronya mapajani.

Mzee alibeba boksi kupita mbele ya mkewe. Mkewe alimpisha miguu kama unavyompisha mtu kwenye foleni.

Mkuu wa kikosi alifungua boksi kwa mbwembwe, akatazama ndani, akainama haraka sikioni kwa mzee. "Mwalimu. Umekosea boksi?"

"Sikukosea."

"Lakini hili ni..."

"Liweke mezani, kijana wangu."

Mkuu alimtii, kwa mazoea ya zamani. Ukumbi ukanung'unika. Mtu alisoma kwa sauti maandishi ya mlango wa gari lile, "Maji taka," na kicheko kidogo kikapita safu za nyuma.

Mzee alishika meza. "Hili," alisema, "ni gari la mzee mmoja niliyemfahamu."

Miguu ya kile kiti kitupu ililia, kama mtu ameketi vizuri zaidi. Mkewe aliinamisha kichwa upande ule, akasikiliza kitu, akacheka taratibu. Binti naye akaegemea. Wakawa familia ya watu watatu, na mzee akiwa mtu wa kukodi aliyesimama mbele kuwahutubia, na akaelewa kwamba neno moja zaidi la namna ile lingetosha, wangetoka pale wote watatu wakiwa wameshikana mikono na yeye angebaki ukumbini akisubiri mtu yeyote amwite kwa jina lolote.

"Si mzee mmoja," alisema.  "Ni baba yangu. Huyo humo ndani ni baba yangu. Hakuendesha zimamoto. Alinyonya vyoo vyenu, na vyetu. Watoto walimwita Manukato, na mimi nilimwita hivyo pia. Alikuja shuleni kuniletea koti la mvua nikasema simjui. Nimesema simjui maisha yangu yote. Kwa wakwe. Kwa mke wangu. Kwa mtoto wangu. Namjua. Nilikuwa namwonea haya, na yeye alijua."

Kijana mmoja katikati aliziba pua kwa vidole kuwachekesha wenzake. Mzee alimwona. "Ndivyo hasa nilivyofanya," alimwambia, bila hasira. Kijana alishusha mkono.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa kikosi alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee aliteremka akaenda kusimama mbele ya mkewe, aibu ikimvuja kama jasho. Kile kiti cha plastiki kililia tena, polepole, kama kinavyolia mtu anapoinuka, na upepo mdogo wenye harufu ya ndimu ukampita usoni ukaelekea mlangoni.

Mkewe alipepesa macho. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema. "Umekonda."

Nje ya ukumbi Mama Pasi alichungulia ndani ya foronya. Uso wa dereva ulikuwa laini tena. Akamng'oa kwa vidole viwili, safari hii gundi haikubisha, akamsaga chini ya kisigino mpaka akawa unga.

"Kiti kina mwenyewe sasa," alisema. "Ameondoka."

"Amekwenda wapi?" binti aliuliza.

"Hakuniaga."

Nyumba ilipoa. Hapakuwa na maji, wala breki. Binti alipita kila jioni akamwita Baba kila mara alipoweza, hata pasipohitajika. Lakini mkewe alikuwa kimya. Alimhudumia vizuri, alimuuliza kama amelala salama. Ulikuwa upole wa mtu anayekaa na mgeni mwenye msiba. Mzee alivumilia, kisha siku moja mchana, walipokuwa wanakunja nguo pamoja, akamuuliza.

"Umenikasirikia kwa ule uongo?"

"Hapana," mkewe alisema. "Niliujua kabla ya ukumbi."

"Nani alikwambia?"

Mkewe aliendelea kulinganisha ncha za shuka. "Yeye. Nilidhani ni wewe. Aliketi pale kwenye kiti akanieleza yote. Ndimu, beseni la uani, lile koti kwenye lango. Alinieleza mpaka mtoto alivyolala usiku ule bila kula. Hakuzunguka. Miaka yote hii, Mwalimu, nilikuwa nangoja unieleze kitu kimoja tu ambacho hujakipiga rangi."

"Hakuwa mimi."

"Najua sasa. Sikuwa nakujua wewe, ndiyo nikamjua yeye." Alikunja shuka mara ya mwisho, akaliweka juu ya mengine, akabaki ameshikilia mikono juu yake. "Naona haya kukwambia hili. Ninamkumbuka."

 Mzee alitafuta hasira, angefurahi kuipata. Akakuta mahali pake pana aibu tu.

Jua lilikuwa linazama alipotoka kununua mkate, na aliporudi taa ya ujia wa nyumba ilikuwa haijawashwa. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa bila kufungwa, mstari mwembamba wa mwanga ukilala sakafuni. Alimsikia mkewe akicheka humo. Kilikuwa kicheko cha chini, cha karibu, ambacho mtu humchekea aliye upande wa pili wa meza ndogo, na mzee alikumbuka kwamba zamani sana, ndani ya gari la kufundishia, kicheko hicho kilikuwa chake. Kikombe kiligusa kisahani. Kikombe kingine kikagusa kisahani kingine.

Ilikuwa jikoni kwake. Angeweza kusukuma mlango na kuingia. Mguu aliuinua, akaurudisha, akasimama na mkate wake gizani, akifikiri ni nani kati yake na huyo wa humo ndani aliyewahi kumwambia mwanamke yule jambo la kweli, na ni nani basi mwenye haki ya kubisha hodi. Mwishowe mkono wenyewe ulikwenda, ukagonga ubao taratibu.

"Hodi," alisema, ndani ya nyumba yake.

Kicheko kikakatika. Kiti kilivutwa.

"Karibu," ilijibu sauti ya kiume, sauti yake mwenyewe, tulivu, isiyo na chochote cha kuficha. "Ingia, ndugu yangu. Usione aibu."